Ubeti wa Nyuma ya Pazia

Mtaa mzima ulimwita Fundi, basi. Wateja walimwita Fundi, mwenye nyumba alimwita Fundi, na hata yule mtu mmoja ambaye angeweza kumwita kwa jina tamu zaidi alimwita Fundi vilevile, ila yeye alilitamka taratibu, kama mtu anayeonja chai ya moto.

Alikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, moja ya mguu na moja ya umeme iliyokuwa ikisusa kila mvua inaponyesha, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Cha nyuma alilala. Sare za shule, magauni ya harusi, suruali za kupunguzwa, vyote vilipita mikononi mwake. Hakuwa na mume wala mtoto, na watu walishazoea kumwona hivyo, kama walivyozoea ule ufa kwenye kioo.

Mwalimu aliingia pale mara ya kwanza kwa sababu ya mchezo wa kuigiza. Alikuwa akifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ng'ambo ya barabara kuu, na wanafunzi walimpa jina la Mizani, kwani ukimwambia neno lolote, hata salamu, utamwona anahesabu silabi kwa vidole. Shule ilikuwa inaandaa mchezo, na alitaka mavazi ya mfalme, malkia na askari wanne. Fundi aliyashona. Siku ya mchezo wenyewe aliitwa asimame nyuma ya jukwaa, lolote lisije likafumuka. Likafumuka kweli, kwapa la malkia. Fundi alikaa huko nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, pini mdomoni, huku anafunga mkanda wa huyu na kushikiza mshono wa yule. Mchezo hakuuona hata kidogo. Aliusikia tu, na makofi yalipopigwa alikuwa amepiga magoti anaokota vifungo.

Wiki iliyofuata Mwalimu alileta suruali ya kupunguza. Akaleta nyingine. Ya tatu, ya nne. Siku moja Fundi aliikunjua suruali mezani, akaitazama, akamtazama mwenyewe.

"Mwalimu, hii si nilishaipunguza mwezi uliopita?"

Mwalimu akakuna kichwa. "Basi irefushe."

Wakacheka mpaka Fundi akalazimika kuzima pasi. Hivyo ndivyo yalivyoanza, na yalidumu miaka kumi na saba.

Hapa hatutamsafisha mtu. Mwalimu alikuwa na mke na watoto watatu, na alimwambia Fundi hilo mapema, kabla hata hajamshika mkono. Hakuwa mtu wa kuweka wake wawili, wala hakuwa mtu wa kumwacha wa kwanza. Fundi alilisikia, akalitafuna, akalimeza. Kuna siku lilimkwama kooni. Siku za sikukuu, kwa mfano, mtaa unapojaa sauti za familia za watu, alikuwa akifunga mlango na kushona nguo ambazo hazikuwa na haraka. Lakini hakumwambia Mwalimu chagua. Alijua angechagua nini.

Alipokuja, Mwalimu alikaa kwenye kibao karibu na meza ya kukatia, akatunga mashairi. Fundi hakuwa mtu wa mashairi, ila sikio alikuwa nalo. Mwalimu akisoma mstari, Fundi angeweza kusema "huo unachechemea," na Mwalimu angehesabu kwa vidole, akakuta kweli silabi moja imekosekana.

Jioni moja mapema, jua bado limo dirishani, alimsomea shairi jipya.

"Nasema hivi, Fundi. Maisha ni mchezo wa kuigiza. Tunaingia, tunavalishwa, tunasema maneno yetu, tunatoka. Sikiliza."

Akasoma:

*Twaingia tukilia, jukwaa likitungoja,*
*Vazi mtu huvalia, lake peke yake moja,*
*Wengine wafurahia, wengine wana vioja,*
*Na pazia likishuka, haulizwi mtu hoja.*

Akaendelea na beti nyingine, za mfalme na mwombaji, za wanaocheka usoni na kulia tumboni, za watazamaji wanaodhani wao si waigizaji. Alipomaliza, Fundi aliendelea kukata kitambaa.

"Kimya chako kinanitisha," Mwalimu akasema.

"Ni zuri. Lakini mimi niko wapi humo?"

"Wewe? Si uko pamoja na sisi sote, jukwaani."

"Siku ya mchezo wenu sikuwa jukwaani, Mwalimu. Sikuwa hata kwenye viti. Nilikuwa nyuma, nimepiga magoti, pini mdomoni. Shairi lako lina wachezaji na lina watazamaji. Sisi wa nyuma ya pazia umetuacha wapi?"

Alisema kwa utani. Katikati ya sentensi utani ukamwisha, na wote wawili wakasikia. Mwalimu alichukua chaki ya kukatia, akaandika juu ya meza, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Baadaye akasoma:

*Yuko nyuma ya pazia, wenye viti hawamwoni,*
*Kifungo hunitilia, nikang'ara jukwaani,*
*Watu wanishangilia, yeye kimya kivulini,*
*Hapigiwi hata kofi, naye ndiye wa moyoni.*

Fundi alihisi macho yanamchoma. Akayaokoa kwa kicheko. "Hapigiwi hata kofi! Watu si watadhani wanawake wengine wote wanapigwa?"

"Mizani, Fundi, mizani! 'Makofi' yangenizidia."

Shairi lilitoka gazetini mwezi uliofuata. Ubeti ule haukuwamo. Mwalimu alisema gazeti lina nafasi finyu, na Fundi akasema anaelewa, na kweli alielewa, pengine kuliko Mwalimu alivyotaka aelewe. Ila jioni ile, kabla ya kuondoka, Mwalimu alimwimbia ubeti huo sikioni, polepole, na tangu hapo ukawa wao. Hawakuuandika popote. Fundi aliujua kwa moyo kama anavyojua njia ya kwenda kisimani mtu aliyezaliwa pale pale.

Ugonjwa ulimwanza Mwalimu kwa kikohozi kidogo. Kisha akaanza kupumzika katikati ya ngazi, kisha suruali zikaanza kumpwaya, na sasa Fundi alizipunguza kwelikweli, bila mzaha. Siku moja hakuja. Siku ya pili hakuja. Mteja mmoja akasema Mizani amelazwa.

Utamwendeaje mgonjwa ambaye huna cha kumwita mbele za watu? Fundi alizunguka chumbani mwake na swali hilo, mwisho akaketi kwenye cherehani. Alishona shati pana la kitambaa laini, lenye vifungo mbele kutoka juu hadi chini, mikono inafunguka ili sindano za hospitali zisimsumbue. Akalipiga pasi, akalikunja, akaenda nalo saa ya kuona wagonjwa.

Kando ya kitanda walikuwepo wote: mke, binti mkubwa, wana wawili, na shemeji. Mwalimu alikuwa amebaki mifupa na macho. Fundi akasimama mlangoni akiwa amekumbatia shati lake.

"Shikamoo Mama. Mimi ni fundi wa nguo. Nimeleta shati."

Mke wa Mwalimu alifikiri mumewe aliliagiza kabla hajalazwa. "Marahaba. Asante sana, Fundi. Liweke hapo mwishoni mwa kitanda."

Fundi akaliweka hapo. Kitanda kilikuwa kifupi, lakini siku ile kilikuwa kirefu kuliko barabara. Mwalimu akamtazama. Alifungua mdomo, wakadhani anataka maji.

"Fundi," akasema, taratibu vilevile, "umekadiria vizuri?"

"Nimekadiria, Mwalimu. Likibana utaniambia."

"Halitabana."

Maneno yao yaliishia hapo. Muuguzi alikuja kubadilisha dripu, wageni wakaombwa kupisha, na Fundi akapisha na wageni.

Habari ya kifo aliipata kutoka kwa mama mmoja aliyefuata sketi ya mwanawe. "Umesikia? Yule mwalimu wa mashairi hatunaye." Fundi alikuwa anashona gauni. Hakuinua kichwa. Alisema "Maskini," kama ambavyo mtu yeyote angesema, na mguu wake ukaendelea kukanyaga. Yule mama alipoondoka na sketi yake, Fundi alisimamisha cherehani na kuitazama kazi. Alikuwa ameunganisha mkono wa kushoto kwenye kiuno. Aliukodolea macho mshono ule uliokwenda mrama, akachukua wembe, akaanza kuufumua, uzi mmoja mmoja. Hakulia. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita.

Kesho yake asubuhi mke wa Mwalimu aliingia dukani, binti yake amemshika kiwiko. Alikuwa na mfuko mkononi.

"Fundi, tumepatwa na msiba," akasema.

"Poleni sana, Mama. Poleni."

"Tunataka magauni meusi mawili, langu na la huyu. Na hii." Akatoa suti ya kijivu kwenye mfuko. "Ndiyo tutakayomvika. Lakini kwa alivyokonda, itampwaya. Mimi sitaki watu wamwone amemezwa na nguo. Alikuwa mtu wa kujipenda."

"Nitaipunguza."

"Vipimo vyake vya sasa sivijui. Kiuno, mabega... sijui niseme nini."

"Nitakadiria, Mama. Nilimwona hospitalini."

Alimpima mjane kwanza. Aliipitisha futi kifuani mwake, chini ya kwapa, kiunoni. Mjane alisimama mikono imeinuliwa kidogo kama mtoto anayevishwa. Kwa karibu namna ile, Fundi aliona mvi zake, aliona kovu dogo shingoni, akasikia pumzi yake inavyokatika. Miaka yote alikuwa amemwogopa mwanamke huyu, na kuna wakati alimchukia, na kumbe alikuwa mwanamke tu, mabega yake yamelegea, moja chini ya jingine.

"Alikuwa mtu mwema," mjane akasema bila kuulizwa. "Ila sitakuficha, Fundi. Aliwatungia watu wote. Alimtungia mkuu wa shule, alimtungia mwenye duka, alitunga hata la paka. Mimi sikuwahi kupata mstari mmoja. Nilishawahi kumwambia, akacheka. Akasema wewe nitakutungia siku moja."

"Mama, basi," binti akasema.

"Acha niseme. Nisemee wapi?"

Fundi aliandika vipimo. Alikosea namba ya pili, akaikata, akaandika upya.

Walipoondoka aliitandaza suti mezani. Hakuhitaji futi. Aliyajua yale mabega kwa viganja vyake, alijua lipi limeshuka kwa sababu ya kubeba mkoba wa vitabu, na alijua ugonjwa umekula kiasi gani. Alifumua bitana, akaingiza mishono ndani, akaifunga tena. Lilimjia wazo la kushonea kitu kule ndani ambako hakuna macho yatakayofika, kipande cha nguo yake, uzi wa rangi, chochote. Akaliwaza kwa muda, akaliacha. Mtu huyu alikuwa anazikwa na familia yake, na suti ilikuwa ya familia yake. Akapiga pasi kola, akageuza, akapiga tena.

Siku ya mazishi turubai lilikuwa limefungwa uwanjani mbele ya nyumba ya Mwalimu, nyumba ambayo Fundi hakuwahi kuikaribia hata mara moja. Kijana mwenye utepe mweusi mkononi alikuwa anawapangia watu viti.

"Mama, wewe ni wa upande gani? Ndugu?"

"Hapana."

"Walimu wenzake?"

"Mimi ni fundi wa nguo."

"Aa, basi pita kule nyuma, kwa majirani."

Akapita kule nyuma. Kutoka kwenye kiti chake aliona migongo tu. Aliona magauni mawili meusi mstari wa mbele, kazi ya mikono yake, na akaona begani mwa binti pamevuta kidogo. Jeneza lilikuwa limefunikwa. Suti haikuonekana.

Watu walizungumza. Mkuu wa shule alisema ya kwake, shemeji akasema ya kwake na kurudia mara mbili. Mwanafunzi wa zamani, sasa mtu mzima mwenye kitambi, alisimulia jinsi Mizani alivyomrudishia barua ya mapenzi aliyokuwa amemwandikia msichana, akiwa ameisahihisha vina, na turubai zima likacheka na kulia pamoja. Ndipo binti mkubwa akaenda kwenye kipaza sauti.

"Nitasoma shairi la Baba, lile la maisha ni jukwaa. Wengi wenu mnalijua."

Alilisoma vizuri, bila pupa, kama alivyofundishwa. Fundi alikuwa anamfuata kwa midomo, ubeti kwa ubeti. Lilipofika mwisho akajiandaa kwa makofi. Lakini binti hakuondoka.

"Kuna ubeti mmoja hamjawahi kuusikia," akasema. "Haukutoka gazetini. Baba alinisomea hospitalini, siku mbili kabla hajatuacha. Alirudia mpaka nikaushika. Nikamwuliza, Baba, huyu wa nyuma ya pazia ni nani? Akatabasamu tu, akalala." Akageuka upande wa mstari wa mbele. "Mama, ni wewe."

Kisha akausoma.

Fundi aliyasikia maneno yale yakitoka kwenye kipaza sauti, makubwa, yakigonga turubai na kurudi. Kifungo. Kivulini. Wa moyoni. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, na jambo la kwanza lililomjia, kweli ya Mungu, lilikuwa kusimama na kusema hapana. Kusema huo ni wangu, nimepewa, niliulipia kwa sikukuu zangu zote. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani kisichoonekana na kisichoshikika, na sasa kilikuwa kimechukuliwa mbele ya watu mia mbili.

Ndipo mjane akageuza uso kuelekea watu, na Fundi akamwona. Alikuwa ameinua kichwa. Hakuwa analia kama asubuhi ile dukani, kwa kukatika pumzi. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, na uso ulikuwa umefunguka kama dirisha lililokaa miaka limefungwa. Shemeji alimshika bega, naye akatikisa kichwa mara nyingi, kama anayesema, nimesikia, nimesikia.

Fundi akakiachia kiti cha watu.

Baada ya mazishi watu walipanga mstari kutoa pole. Zamu yake ilipofika, mjane hakumpa mkono wa haraka kama alivyowapa wengine. Alimshika kwa mikono miwili.

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Miaka yote nilidhani hanioni. Kumbe alikuwa ameniweka huko. Vifungo vyake, mimi ndiye niliyekuwa navitia, unajua? Kila Jumapili."

Fundi alijua. Alikuwa amevikuta vifungo hivyo mara ngapi, vimeshonwa kwa uzi usiolingana na shati, na mara ngapi alikuwa amevifumua na kuvitia upya bila kusema. Leo aliona haya kwa hilo.

"Ni wewe, Mama," akasema. "Ni wewe kabisa. Nani mwingine?"

Akaondoka. Alifika kwake, akafungua duka, akashona hadi jua likazama. Kesho yake akafungua tena. Wateja walikuja, akawapima, akatania nao kama kawaida. Chakula kikawa hakipandi. Akijaribu kujisomea ubeti ule kichwani, aliusikia kwa sauti ya binti, kwenye kipaza sauti, na ule wa sikioni ukakataa kurudi. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko kaburi. Mtu alikuwa amekwenda, na sauti yake nayo imemfuata.

Wiki ya tatu dada yake mkubwa alikuja kutoka mbali, ghafla, bila taarifa, na kikapu kichwani. Huyu alikuwa mtu wa maneno. Hajavuka kizingiti, keshaanza.

"Wee mdogo wangu, umekuwa njiti! Unakula nini, uzi? Nilisema mimi, utazeeka na hizo cherehani, mwanamke mzima hana hata wa kumfungulia mlango. Mbona macho yamevimba hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi, Dada."

"Una nini basi?"

Fundi aliweka mkasi mezani. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita wakisukumana, na jua la mchana lilikuwa limejaa chumbani.

"Nimefiwa."

"Umefiwa na nani tena? Mbona sisi nyumbani hatukusikia?"

"Na mume wangu."

Neno lile hajapata kulitamka hata akiwa peke yake. Lilitoka kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya kushona gauni. Dada yake alishusha kikapu chini, akaenda akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akarudisha komeo. Akarudi, akaketi sakafuni kati ya vipande vya kitambaa, akamvuta mdogo wake chini, akamlaza kichwa mapajani.

Hapo Fundi alilia. Alilia kwa sauti, kama walivyolia wa mstari wa mbele, na mtu aligonga mlango akitaka nguo yake, na dada akapaza sauti, "Kuna msiba humu, rudi kesho!" Na kusikia hivyo, kwamba kuna msiba humu, kukamliza upya.

Kilio kilipopungua alianza kusimulia, tangu suruali ya kwanza. Alitegemea kugombezwa. Dada hakumgombeza. Alikuwa anamfuta uso kwa kipande cha bitana, na katika yote yale aliuliza swali moja tu.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Fundi akapenga kamasi, akafikiri aanzie wapi.

"Alikuwa na miguu mikubwa," akasema. "Mikubwa kweli, Dada. Akivua viatu hapo mlangoni hakuna wa kupita."